Maswali ya Wasomaji: Kuabudu Bila Kubakiza

Barua nyingi za mwezi huu zinagusa jambo moja, ingawa walioziandika hawafahamiani. Mtu anampenda Mungu, anakwenda kanisani, anaimba, lakini ndani yake anajua kuna kitu amekibakiza, au anaambiwa na wengine kwamba amekibakiza. Tumechagua barua saba.

Shalom watumishi. Mimi sijui kulia. Wakati wa kuabudu wenzangu machozi yanawatoka, wengine wanaanguka, wengine wanatetemeka. Mimi nasimama, nafumba macho, naimba. Kiongozi wetu husema asiyezama hajaabudu. Je, ibada yangu si ya moyo wote?
*Mwalimu wa shule ya msingi, Iringa*

Mwalimu, tuanze na neno lenyewe, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapoumia bure. Sisi tukisema "moyo" tunawaza mapenzi, huruma na uchungu. Waebrania waliziweka hisia kali chini zaidi, tumboni na kwenye figo. Ndiyo maana Biblia yetu inasema Bwana huchunguza "viuno na mioyo", na viuno hapo ni hizo figo. Moyo kwao ulikuwa mahali pa kuwaza, kukusudia na kukata shauri. Suleimani alipotaka hekima ya kuamua kesi za watu, kwa Kiebrania aliomba moyo unaosikia. Kwa hiyo amri ya Kumbukumbu la Torati 6:5, "Nawe mpende BWANA, Mungu wako, kwa moyo wako wote", inadai kwanza nia isiyogawanyika. Machozi yanaweza kufuata au yasifuate.

Picha yake iko Mambo ya Walawi sura ya 1, sura ambayo wasomaji wengi huiruka. Sadaka nyingine zilikuwa na mgao: kuhani alipata nyama yake, na katika sadaka ya amani hata mtoaji na jamaa zake walikula. Sadaka ya kuteketezwa haikuwa na mgao wa nyama. Ukiacha ngozi, iliyokuwa haki ya kuhani, mnyama mzima alipanda juu kwa moshi. Tazama kazi ilivyofanyika. Mtu alileta mnyama asiye na kilema, akaweka mkono juu ya kichwa chake, akamchinja, akamchuna, akamkata vipande. Kuhani alishughulika na damu, kuni na moto. Kisu kilikuwa mkononi mwa yule aliyekuja kuabudu. Kisha matumbo na miguu vikaoshwa kwa maji, vikapandishwa pamoja na vingine. Hizo ndizo sehemu zenye mavi na matope. Hazikutupwa wala hazikufichwa. Zilioshwa, zikatolewa.

Basi ukitaka kujipima, acha kuhesabu machozi. Yachukue maisha yako kipande kwa kipande kama yule mtu na mnyama wake: mshahara, simu, ndoa au uchumba, namna unavyomtendea mwanafunzi asiyeelewa upesi, jina lako mbele ya walimu wenzako. Kipande ambacho ukikifikia unaharakisha kwenda kingine, hicho ndicho kilichobaki chini. Mfalme Amazia alitenda yaliyo mema, lakini 2 Mambo ya Nyakati 25:2 inaongeza kwamba hakuyatenda kwa moyo mkamilifu, na sura hiyohiyo inauonyesha ufa wenyewe: alipotoka kuwapiga Waedomi alirudi na miungu yao, akaiinamia.

Hisia ni zawadi njema, zikija zipokee. Zikitafutwa zenyewe zinapotosha, maana zina njia zake za kuamshwa. Kinanda kikipigwa taratibu na pambio likirudiwa mara ishirini, watu wengi watalia, na kuna atakayetoka hapo akarudi nyumbani kumpiga mkewe. Kiongozi wenu umwendee faraghani, umweleze kwa heshima kwamba kauli yake inawaumiza wasio na machozi.

Neno moja kwako pia. Utulivu usiwe pazia la kujifichia. Mikali binti Sauli naye alikuwa ametulia dirishani, akimdharau Daudi aliyecheza mbele za BWANA kwa nguvu zake zote.

Bwana Yesu asifiwe. Nauza maandazi na chai stendi. Naamka saa kumi alfajiri, saa kumi na mbili na nusu niko kwenye meza yangu, jioni narudi nimechoka na watoto watatu wananisubiri. Wahubiri wanasema saa nzima ya maombi kila asubuhi. Nikijaribu nasinzia, au nawaza unga. Nifanyeje?
*Mama wa watoto watatu, Dodoma*

Mama, saa nzima haijaandikwa popote kuwa sharti. Danieli, mtu mwenye kazi nzito ya serikali, alikuwa na desturi ya mara tatu kwa siku, magotini, madirisha yakiwa yamefunguliwa kuelekea Yerusalemu. Urefu wa maombi yake hatuambiwi. Kinachoonekana kwake ni mahali pamoja, saa zilezile, na kutokukatisha hata sheria ilipobadilika. Dakika kumi na tano za kila siku zitakubeba mbali kuliko saa moja unayoifanya Jumatatu na kuiacha hadi mwezi ujao.

Wewe una nafasi ambayo wengi hawana. Unga ukishaukanda na kuufunika uumuke, usianze kuosha vyombo. Hizo ndizo dakika zako. Kaa, lakini si kitandani.

Anza na majivu. Unajua jiko la mkaa lisipotolewa majivu linavyokuwa: mkaa mpya unafuka, hauwaki, kwa sababu hewa haipiti chini. Walawi 6 inaagiza kwamba kuhani kila asubuhi, kabla ya jambo lingine, avae kitani, ayaondoe majivu ya usiku na kuyaweka kando ya madhabahu, kisha abadilishe mavazi na kuyapeleka nje ya kambi. Ndipo anaweka kuni mpya. Moto haukuruhusiwa kuzimika, lakini haukujilisha wenyewe. Basi dakika tatu za kwanza ziwe za kutubu kwa kutaja jambo lenyewe. "Nisamehe dhambi zangu zote" ni rahisi mno kusema. "Jana nilimpa mteja chenji pungufu nikanyamaza" ni majivu hasa.

Halafu zaburi moja, isome kwa sauti ya chini, midomo ikitikisika. Ukisoma kimya saa hizo usingizi utakushinda. Bado unasinzia? Nawa uso, soma umesimama. Zaburi ni 150, hivyo kwa moja kila siku utamaliza katika miezi mitano. Zaburi ya 119 ni ndefu, mistari 176, lakini imegawanywa katika mafungu 22 ya mistari minane minane. Chukua fungu moja kwa siku, na miezi hiyo mitano itakaribia sita. Ukiimaliza Zaburi, ingia Agano Jipya. Lina sura 260, na sura moja kwa siku, siku tano kwa wiki, inatimia wiki 52 kamili. Siku mbili za wiki zinabaki za kupumua.

Dakika za mwisho omba kutokana na ulichosoma. Hapa ndipo unga utakapokujia, na hamira, na ada ya shule. Usipigane nayo. Weka kalamu na kipande cha karatasi pembeni, andika "hamira", rudi kwenye maombi. Kikiandikwa akili inakiachia. Kama kinachokujia ni mtu au deni linalokutia hofu, huko si kutangatanga. Hilo ndilo la kuomba.

Kesho yake wakati wa kukanda, mikono imejaa unga na akili iko huru. Chukua mstari mmoja tu wa zaburi ya jana. "Ee nafsi yangu, umhimidi BWANA. Naam, vyote vilivyo ndani yangu vilihimidi jina lake takatifu" utakuwa umekaa kichwani kabla donge halijalainika.

Ukikosa siku mbili, usizilipe. Kinachowaangusha watu wengi ni kujaribu kusoma za nyuma zote kwa mkupuo. Deni linakua, aibu inakua, Biblia inarudi kabatini. Anza na ya leo. Na jioni na watoto, dakika tano zinatosha: mmoja asome mistari mitano, muimbe ubeti mmoja, mseme Sala ya Bwana, mkalale. Usiigeuze kuwa mahubiri ya makosa waliyoyafanya mchana.

Naongoza sifa na kuabudu katika kanisa la watu kama mia mbili. Tumenunua spika mpya, tuna kinanda, gitaa na drumu, tunafanya mazoezi. Lakini watu wanasimama wanatutazama kama wako kwenye tamasha. Tukiwahimiza wanapiga makofi kidogo, basi. Shida ni mioyo yao?
*Kiongozi wa sifa, Mwanza*

Huenda mioyo yao ni mizima kabisa. Ndugu, kabla ya kuwakemea tena, angalia vitu vinne vilivyo mikononi mwako.

Cha kwanza ni ufunguo, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo unapigwa. Nyimbo nyingi mnazijifunza kutoka kwa waimbaji hodari waliorekodi studio, na wao huimba juu. Mama wa miaka hamsini na baba aliyeshinda juani wiki nzima hawafiki huko. Kwa ibada ya watu wote, noti ya juu kabisa ya wimbo isizidi D, na ya chini isishuke chini ya A. Akina baba wataimba oktavu moja chini yake. Kama mnaupiga wimbo kwenye F na kilele chake ni F, ushusheni hadi D. Ni nusu-toni tatu tu. Dalili ya ufunguo mbaya utaiona kwa macho: kiitikio kikianza, akina baba wananyamaza, akina mama wanainua kidevu. Na ile desturi ya kupandisha ufunguo kila mnaporudia, mara tatu hadi nne, inawasisimua walioshika maiki na kuwaacha wengine wote njiani.

Cha pili ni sauti. Spika mpya zimewanyang'anya watu masikio. Mtu asiyejisikia akiimba huacha kuimba, maana anaona mchango wake hauna kazi. Mtume mtu asimame katikati ya benchi za nyuma wakati wa wimbo: akilazimika kupaza sauti ili aliye hatua moja kutoka kwake amsikie, mmezidisha. Drumu ndiyo huanza. Wengine wote wanapandisha ili waifikie. Mshusheni mpiga drumu kwanza, kisha maiki za waimbaji wa nyuma. Halafu kila Jumapili chagueni ubeti mmoja vyombo vyote vinyamaze na viongozi wasogee mbali na maiki. Mkisikia kimya, mmejua ukweli. Usishtuke, rudieni wiki ijayo, ubeti uleule wa wimbo wanaoujua. Kwa kawaida wiki ya tatu au ya nne sauti inatoka, na ikitoka utajua ulichokuwa umekifunika.

Cha tatu ni nyimbo mpya. Mpya moja kwa mwezi, isizidi. Ufundisheni kabla ibada haijaanza, mstari kwa mstari, kiongozi mmoja tu akiimba bila kupamba. Uimbeni Jumapili tatu mfululizo, uacheni wiki moja, urudisheni. Mkileta mpya tatu kwa siku moja mmewageuza washirika kuwa watazamaji, wala wao hawana kosa. Na tenzi msiziache. Wasio na kitabu wasomewe mstari kabla ya kuimbwa, kama wazee walivyofanya. Haichoshi hata kidogo ikiwa msomaji yuko tayari.

Cha nne, na kwetu ndicho kizito kuliko vyote, ni maneno mnayowatia watu kinywani. Paulo alisema, "nitaimba kwa roho, tena nitaimba kwa akili pia." Andika nyimbo nne za Jumapili iliyopita kwenye karatasi. Pigia mstari kila sentensi inayosema Mungu ni nani au amefanya nini. Kisha zungushia kila sentensi inayosema mimi nataka nini au adui zangu wapatwe na nini. Kama karatasi imejaa miduara, watu wako wanaimba habari zao wenyewe. Wakolosai 3:16 inataka neno la Kristo likae kwa wingi ndani yetu, tukifundishana kwa zaburi, tenzi na nyimbo za rohoni. Aliyeingia kanisani hajui lolote juu ya msalaba, atoke amejifunza kitu kwa nyimbo peke yake.

Dakika ishirini na tano zinatosha nyimbo nne. Ikiwa zinajaa mbili tu, nafasi imeliwa na hotuba kati ya wimbo na wimbo. Soma andiko fupi, imba. Mwombe mchungaji andiko la mahubiri ifikapo Jumanne ili nyimbo zielekee huko, na siku ya mazoezi dakika ishirini za kwanza lisomeni andiko hilo na kuomba kabla ya kugusa chombo. Na waambie waimbaji wako waache kutoka nje kupunga hewa mahubiri yakianza. Kanisa zima linawaona, nalo linajifunza kutoka kwao ni kipi muhimu.

Je, ni lazima kuinua mikono na kupiga magoti?
*Msomaji, Nakuru*

Si lazima, lakini usiudharau mwili. Neno la Kiebrania tunalolitafsiri "kusujudu" linaeleza kwanza kitendo cha mwili, mtu kuinama hadi chini. Katika Nehemia 8:6 watu waliitikia "Amina, Amina" huku wakiinua mikono, kisha wakainama nyuso zao zikielekea nchi. Mwenye goti bovu akae. Mwenye magoti mazima ambaye hajayakunja tangu abatizwe, ajaribu leo usiku, akiwa peke yake chumbani.

Mimi ni mwanakwaya, naimba sauti ya tatu. Nimegombana na kaka yangu kuhusu mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, alichotuachia marehemu baba. Mwaka wa pili huu hatusalimiani. Nikiimba roho inanisuta. Niache kwaya?
*Mwanakwaya, Kilimanjaro*

Ndugu, hapa kuna amri iliyo wazi, na tunaomba uisome kama waliosikia mara ya kwanza. "Iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako, kisha urudi uitoe sadaka yako." Yesu aliyasema haya Galilaya. Madhabahu ilikuwa moja tu, Yerusalemu, mwendo wa siku tatu hivi kwa miguu. Mtu wa Galilaya aliyekumbuka ugomvi akiwa amesimama pale na mnyama wake alikuwa anaambiwa arudi kwao, apatane, kisha atembee tena safari nzima. Wasikilizaji walielewa gharama hiyo. Kaka yako huenda yuko ng'ambo ya mfereji tu.

Nenda wewe mwenyewe, kabla ya Jumapili. Usitume ujumbe wa simu, wala usilipeleke jambo kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Fika, bisha hodi, sema "Shikamoo kaka." Miaka miwili hajaisikia, iache ifanye kazi yake. Halafu taja kosa lako, moja au mawili, kwa maneno kamili: niliyoyasema msibani, siku niliyopita bila kukuamkia. Usiongeze "lakini na wewe". Neno hilo moja limeharibu mapatano mengi kuliko matusi.

Mpaka usiutaje siku hiyo. Kusamehe na kupima ardhi ni kazi mbili, nazo zikichanganywa zote zinakwama. Ukiisha kupatana, mpaka uende kwa wazee wa ukoo, au kwenye baraza la ardhi la kata wasuluhishe, huku mkisalimiana. Kesi inaweza kuendelea bila chuki.

Kwaya uiache mpaka utakapokuwa umekwenda. Hatusemi mpaka atakapokubali, kwa sababu huo ni mlango wa mtu mwingine. Warumi 12:18 inasema "kama yamkini, kwa upande wenu". Akikataa, rudi uimbe, na shikamoo isikome. Ndugu wa ule Uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 hadi Uganda, Kenya na Tanganyika walijulikana kwa jambo hili: mtu akiokoka alirudisha alichoiba, akalipa deni, akaenda kuomba msamaha. Nyimbo zao zilikuwa na uzito kwa sababu hiyo.

Nimefiwa na mume miezi minne iliyopita. Nikifika kanisani wanaimba shangwe, koo linajifunga. Najilazimisha kutabasamu. Naogopa nimeacha imani.
*Mjane, Kigoma*

Pole sana mama. Hujaacha imani. Aliyeacha imani asingeogopa hivyo, wala asingekuwa amekaa kwenye benchi hilo.

Usijilazimishe kutabasamu mbele za Mungu. Kumwabudu "katika roho na kweli" kunabeba neno kweli, na kweli yako ya sasa ni huzuni. Kitabu cha Zaburi, ambacho ndicho kitabu cha nyimbo za ibada ya Israeli, kimejaa maombolezo. Chukua Zaburi ya 13, mistari sita tu. Miwili ya kwanza inalalamika, inauliza "hata lini" mara nne. Miwili ya katikati inaomba. Miwili ya mwisho inatumaini. Katika daftari andika zako kwa mpangilio huohuo: malalamiko yako kwa maneno yako, bila kuyapamba, kisha unachokiomba, kisha, ukiweza, sentensi moja ya tumaini. Ukifika mwezi wa sita tangu msiba na bado huwezi kuiandika hiyo sehemu ya mwisho, achia hapo. Zaburi ya 88 nayo inaishia gizani, neno lake la mwisho kwa Kiebrania ni giza, na bado imo ndani ya Biblia, inaelekezwa kwa Mungu tangu mstari wa kwanza. Mwana wa Mungu mwenyewe alipokuwa msalabani alichukua maneno ya Zaburi ya 22: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?"

Jumapili nenda. Kaa karibu na mtu asiyeuliza maswali. Wimbo ukikushinda, nyamaza uwasikilize wenzako. Wanaimba kwa niaba yako, nawe utaimba kwa niaba yao siku yao ikifika. Meza ya Bwana usiikose. Na kama usingizi na chakula vimekukimbia kwa wiki nyingi, mwone daktari pia.

Viongozi mnaosoma hapa: katika kila ibada yenu kuna mtu kama mama huyu. Wekeni hata wimbo mmoja ambao anaweza kuuimba bila kusema uongo.

Mimi ni fundi cherehani. Ijumaa na Jumamosi nashona hadi usiku wa manane, Jumapili nasinzia kanisani. Mchungaji anasema kazi nayo ni ibada. Ni kweli, au ananifariji?
*Fundi, Temeke*

Ni kweli, fundi. Kiebrania kina neno moja, *avoda*, linalobeba kazi ya mikono na utumishi wa hekaluni pia. Na Wakolosai 3:23, "Lo lote mfanyalo, lifanyeni kwa moyo, kama kwa Bwana", iliandikiwa watumwa, watu wasio na mshahara wala likizo. Lakini kazi haichukui nafasi ya kukusanyika, na mwili uliolala haujatolewa. Warumi 12:1 inataka "miili yenu". Ibada ya Jumapili asubuhi huanza Jumamosi jioni: cherehani ifunikwe saa mbili usiku. Maana yake ni kupokea nguo chache. Hesabu unazoweza kumaliza kwa wiki ukilala vizuri. Zikiwa nane, mteja wa tisa mwambie wiki ijayo, naye uwe umemwambia siku analeta kitambaa, kabla hajakuja mara tatu kuambiwa "bado vifungo tu".

Kuhusu kushona kwenyewe, angalia ndani ya nguo, upande ambao mteja haoni: pindo lililofungwa sawasawa, uzi usiochomoka baada ya kufuliwa mara mbili, akiba ya kitambaa iliyoachwa ili nguo iweze kupanuliwa mtoto akikua. Na ule mfuko wa vipande vilivyobaki, ulio chini ya meza ya kila fundi, una wenyewe. Jumatatu utoe nje, andika jina kwenye kila kipande unachokumbuka mwenyewe wake, na akija kuchukua gauni lake mfungie humohumo.